Mawe Matatu Chunguni mwa Mwanamkasi

Jino langu la juu, upande wa kushoto, lilivunjwa na makande. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba sina sababu ya kumpamba Mwanamkasi bure. Kila sifa nitakayompa hapa ameitolea jasho, na pengine hata hilo jino langu lihesabiwe.

Mimi ni Uweso, fundi cherehani. Miaka mingi cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la nyumba moja Ngamiani, mjini Tanga, na hatua tano mbele yake, kando ya soko, palikuwa na banda la makuti la Mwanamkasi, mpika chakula. Kutwa nilikuwa nikikanyaga cherehani huku namwona na kumsikia, na mchana nikila kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kufoka, na mara nyingi alifanya yote mawili kwa pumzi moja. Mumewe alikwisha kufariki. Alikuwa na binti mmoja, Mboni, na nyumba ya vyumba viwili Chumbageni.

Siku za kazi alipika ugali na mchuzi wa papa, Ijumaa wali, na Jumamosi makande. Jumamosi ndipo banda lilipofurika, kwa sababu vibarua wa mashamba ya mkonge walikuja mjini, na wale walitoka kila pembe: Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, Wangoni. Mahindi na maharage yaliwekwa motoni alfajiri. Na ndani ya chungu hicho, pamoja na mahindi na maharage, Mwanamkasi alitia mawe matatu.

Msicheke bado. Yalikuwa mawe meupe ya mtoni, laini, makubwa kidogo kuliko haragwe. Maji yakiwa mengi, yaligonga chungu polepole. Maji yakipungua, yaligonga haraka haraka kwa hasira, na Mwanamkasi, hata akiwa ng'ambo ya barabara akibishana na muuza kuni, alisikia, akakimbia kuongeza maji. Hajapata kuunguza makande hata siku moja. Kabla ya kupakua aliyavua kwa upawa, moja, mbili, tatu, akayaosha na kuyafunga katika pindo la kanga. Mara chache sana alijisahau. Mwaka 1949 alijisahau, na jiwe likaja sahanini kwangu. Aliniomba radhi, akanipa nyama bure siku tatu, lakini nyama hiyo niliitafuna upande mmoja tu.

"Nani alikufundisha kupika mawe?" nilimuuliza, nimeshika shavu.

"Sijui, fundi. Mikono inajua, mimi sijui."

Alisema kweli. Mwanamkasi hakujua kwao. Wakati wa vita vya Mdachi na Mwingereza, akiwa na miaka mitano au sita, mpagazi mmoja alimleta Tanga mabegani, akamwacha kwa mwanamke wa Chumbageni aitwaye Bi Mboni, akasema, "Nimemwokota njiani, mama yake amekufa kwa homa," kisha akaenda zake. Bi Mboni akamlea, akamfundisha kusali, akampa jina la Mwanamkasi, naye akaja kumpa bintiye jina la Bi Mboni. Alichokumbuka mtoto yule ni kutembea sana, kulala porini usiku tisa, alizihesabu kwa vidole akabakiwa na kimoja. Na maneno matatu: uki, munyu, na nguku. Asali, chumvi na kuku. Mengine yote yalifutika, lakini mtoto hasahau kirahisi alivyoomba chakula.

Basi akaanza kutafuta kwao kwa sahani. Kila mgeni aliyeketi bandani mwake aliulizwa swali moja kabla hajatia tonge kinywani: "Kwenu chumvi mwaitaje?"

Hapo ndipo penye kichekesho, kwa sababu wote walimjibu sawasawa, au karibu. Kristofa, Mnyamwezi mrefu mkata mkonge, alisikia neno uki akapiga meza kwa kiganja. "Sisi twasema buki! Wewe ni dada yangu, bibi, ongeza nyama!" Noa, Mbena mpole aliyefanya kazi kwenye mashine za kukamua mkonge, akamkatiza: kuku kwao ni nguku, neno zima, halikupungua hata herufi, kwa hiyo dada ni wake. Wakabishana Jumamosi nzima. Kwa asali alishinda Kristofa, kwa kuku akashinda Noa, na kwa chumvi wakatoka sare, maana kila mmoja alidai munyu ni wao na mwenziwe ameiba. Kisha akainuka mzee wa Kidigo aliyekuwa akila muhogo kimya kimya pembeni, akasema munyu ni wa kwao tangu enzi, na wote wawili wamwombe ruhusa.

Mimi si msomi, lakini mtu akikaa barazani miaka mingi masikio hayafanyi kazi bure. Maneno kama chai na sukari yalifanana kila mahali kwa sababu sote tulinunua duka moja. Lakini neno nyama na neno munyu hayakutoka dukani. Watu hawa walikuja kwa garimoshi na malori siku nne na tano, hawajapata kuonana, na bado walitaja chumvi kwa neno moja. Nikaona kwamba zamani sana, kabla ya kabila kuwa kabila, palikuwa na mama mmoja na chungu kimoja, watoto wake wakatawanyika kila mmoja na njia yake, wakapoteza mengi lakini majina ya chakula wakayabeba. Hata sisi wa pwani tuliokopa asali kwa Waarabu, mdudu mwenyewe bado tunamwita nyuki, na hatuoni kwamba uki umo humo humo. Wazo hilo lilinifurahisha kwa siku mbili. Kwa Mwanamkasi halikuwa na furaha yoyote.

"Fundi," aliniambia, "kama kila mtu ni ndugu yangu, basi sina ndugu."

Nikajifanya natia uzi kwenye sindano.

Kosa moja nililifanya mimi. Wasambaa na Wabondei nao walimwambia mara kwa mara kwamba maneno yale ni yao. Mimi nikawafukuza kwa maneno. Niliwaambia mtoto hatembei siku tisa kutoka Muheza, hata mwenye kibyongo hachukui siku tisa. Mwanamkasi alicheka, akanikubali. Tangu hapo aliwapa Wasambaa chakula na hakuwauliza tena. Sikuona ubaya wake wakati ule.

Mwaka 1955 Mboni akaposwa. Kijana alikuwa Mdigo wa upande wa Horohoro, mtaratibu, fundi wa baiskeli, nami nilimpima suruali nikaona hana neno. Mahari yakakubaliwa, walii wa kumwoza alikuwapo, baba mdogo wa Mboni. Ndipo mzee wa upande wa kijana, Mzee Idarusi, akaja bandani na fimbo yake, akaketi, akanywa maji, akauliza kwa adabu kabisa:

"Mwanangu, kilemba cha mjomba twamvisha nani?"

Kwa Wadigo mjomba ni mtu mzito. Zamani mali na mirathi vilipita kwake. Siku ya arusi kaka wa mama huvishwa kilemba mbele ya watu, na mtu akimwona hujua bibi arusi ana upande wa pili.

"Hana mjomba, baba," akasema Mwanamkasi.

"Basi tumvishe jirani. Si neno," akasema Mzee Idarusi, na alisema kwa wema. "Huyu fundi hapa si yupo?"

Kwake ilikuwa si neno. Alipoondoka, Mwanamkasi alikaa juu ya kinu akafunika uso na kanga. Nilimwona akilia, naye hakuwa mtu wa kulia. "Mimi niliokotwa," akasema. "Nimeridhika. Lakini mwanangu naye aolewe kama kitu kilichookotwa?"

Habari ikafika mashambani, na Jumamosi Kristofa na Noa wakaja wamechana nywele, kila mmoja tayari kuvishwa kilemba. Kristofa alidai ana kichwa kinachofaa. Noa akasema kichwa ni kweli anacho, ila hakina kitu ndani. Mwanamkasi aliwacheka mpaka akashika ubavu, kisha akasema, "Ahsanteni, kaka zangu. Lakini namtaka mmoja aliyelia nilipopotea."

Wote wawili wakaketi, wakaomba makande.

Zikabaki wiki tano kufika arusi, zikawa nne, zikawa tatu. Mwanamkasi alianza kusahau mambo. Alitia chumvi mara mbili, au hakutia kabisa. Jumamosi moja aliyavua mawe mawili, akasimama kujibu salamu, akaanza kupakua. Niliona. Nilikuwa na pini kinywani, na kabla sijazitema, sahani ilikwishafika kwa mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti safi lililofungwa vifungo vyote pamoja na joto la Tanga. Jina lake Timotheo. Alikuwa mzee wa kanisa huko milimani, ameteremka na magunia ya iliki, na ilikuwa mara yake ya kwanza kula bandani pale. Akatafuna, akatafuna, kha! Akasimamisha taya. Nikainuka nimfariji, maana najua maumivu yake, na Mwanamkasi akaanza kuomba radhi na kutafuta kipande cha nyama.

Timotheo hakufoka. Alilitoa jiwe kinywani, akaliangalia, akaliinua juu watu wote walione, na uso wake mzito ukafunguka kwa kicheko cha mtoto.

"Leo ni zamu yangu!" akasema.

Akamaliza chakula. Akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi. Akakunja mikono ya shati. Akakichukua chungu kile kile cha makande kilichokwisha kupakuliwa, akaenda nacho bombani, akachota majivu, akaokota kumbi la nazi, akachutama akaanza kukisugua. Mzee wa kanisa, mbele ya soko zima! Vibarua wakaacha kula. Mmoja akaniuliza kama jiwe limempanda kichwani.

Mwanamkasi alisimama na upawa mkononi. Kisha akasema polepole, kama mtu asomaye maandishi yaliyofifia:

"Aliyepata jiwe..."

"...ndiye aoshaye chungu," akamalizia Timotheo, bila hata kugeuka.

Upawa ukaanguka. Mwanamkasi akaketi chini, pale pale mchangani. Sheria hiyo alikuwa nayo kichwani miaka yote, na hakujua kwamba anayo mpaka alipomwona mtu anaitii.

Timotheo alipoelewa, akaja na mikono yake ya majivu, akachutama mbele yake. Akaeleza kwamba jambo hilo ni la kigongo kimoja tu cha mlima, nyumba kama kumi na tano. Wanawake wa pale hulima mteremkoni chini ya nyumba, na mawe huwaita maji yakipungua. Mama huacha jiwe moja makusudi, na mtoto atakayelipata huosha chungu. Hata kijiji cha pili hawajui, huwacheka.

"Wapi huko, baba?" akauliza Mwanamkasi. "Ni siku ngapi kwa garimoshi?"

Timotheo akanyosha kidole juu ya bati la soko. Siku hiyo mbingu ilikuwa safi, na milima ya Usambara ilionekana yote, ya samawi, imekaa kimya. "Pale," akasema. "Ukipita Amani, ukakata kushoto. Nimetoka jana asubuhi."

Pale! Miaka thelathini na tisa alianika nguo zake Chumbageni zikielekea milima ile. Akanitazama mimi. Nami sikuwa na pa kuficha uso.

"Na zile siku tisa?" nikauliza, nikitafuta pa kupumulia.

"Mwaka ule hakuna aliyepita njiani, fundi," akasema Timotheo. "Wanaume walikamatwa upagazi. Wanawake walishuka kuwatafuta, wakijificha msituni mchana, wakizunguka, wakirudi nyuma. Unaweza kutembea siku tisa ukafika Muheza." Kisha akamgeukia Mwanamkasi. "Jirani yangu Luka mama yake alishuka na mtoto wa kike, kumtafuta baba yao. Luka aliachwa kwa bibi. Hakurudi hata mmoja."

Timotheo alipanda basi la jioni ile ile. Iliki aliiuza kwa bei ya kutupa ili awahi kumwita Luka.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Mwanamkasi aliunguza wali, akafoka, akaomba radhi, akafoka tena. Aliogopa kwamba Luka hatakuja, na aliogopa zaidi kwamba atakuja na kusema, siye. Alhamisi, kesho yake arusi, basi la Muheza likashusha watu wawili mbele ya banda. Mmoja Timotheo. Mwingine mtu mwenye mvi, mfupi, mpana, na mimi fundi ninayepima miili ya watu kwa kazi nilijua kabla hajafungua kinywa.

"Shikamoo, kaka," Mwanamkasi akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba," akajibu Luka. Kisha akasimama tu, anageuza kofia mikononi.

Nilidhani atamuuliza chumvi mwaitaje. Hakuuliza. Watu wote wa dunia walikwisha kumjibu swali hilo. Akafungua pindo la kanga, akamwonyesha mawe matatu katika kiganja.

Luka akayatazama, na machozi yakamtoka. "Usiku wa mwisho," akasema, "jiwe lilikuwa kwangu. Sikutaka kuosha chungu, kulikuwa na baridi. Nikalitia sahanini kwako ulipogeuka. Ukaosha wewe, huku unalia, unasema si haki. Asubuhi mama akakuchukua mkaondoka." Akajifuta kwa kofia. "Nimeoa, nimezaa, nimepata wajukuu. Kila nikila makande nasikia unasema si haki."

Mwanamkasi akacheka, akalia, akampiga kaka yake kifuani kwa ngumi, akamkumbatia. "Nilijua!" akapiga kelele. "Nilijua halikuwa langu!" Hakukumbuka uso wa mama yake, lakini hilo alilikumbuka.

Akaambiwa pia kwamba alibatizwa, na jina lake Yudith. Akalirudia mara mbili tatu, akaliona zuri, akasema libaki huko huko mlimani likimngoja, yeye ni Mwanamkasi na adhana inakaribia.

Ijumaa ikawa arusi. Mzee Idarusi mwenyewe alimvisha Luka kilemba, na Luka, Mlutheri wa mlimani, alikibeba kichwani kwa uangalifu mkubwa, shingo imenyooka, hathubutu kuinama. Wanawake wakapiga vigelegele. Mboni alikuwa na mjomba, na kila aliyekuwa na macho alimwona.

Biryani ilikuwapo, lakini Mwanamkasi alipika na chungu kimoja cha makande, akakipakua kwa mkono wake. Nilimwona akifungua pindo la kanga. Punde Luka akasimamisha taya. Akatoa jiwe. Akamtazama dada yake, naye dada amekunja mikono, anangoja. Luka akainuka na kilemba chake, akachukua chungu, akaenda nacho uani. Kabla hajachutama, Kristofa akapiga ukelele, naye ana jiwe. Na Noa, kwa upole wake, akatema la tatu kiganjani. Wakafuatana uani wote watatu, wakachutama kuzunguka chungu kimoja, na hawakukisugua sana, kwa sababu walikuwa wameanza tena kubishana munyu ni wa nani, na Luka alipaza sauti kuwashinda wote wawili.

Mzee Idarusi akashangaa. "Mwanangu, mjomba ni yupi hapa?"

"Mwenye kilemba ni wa damu," akasema Mwanamkasi. "Hao wengine ni wa munyu. Wote ni wajomba."

Mimi nilikuwa nimekaa na sahani yangu, ulimi unagusa pengo la jino. Mwaka 1949 nilipata jiwe. Nilifoka, nikala nyama ya bure siku tatu, na chungu sikukiosha. Nikaweka sahani chini, nikakunja mikono ya kanzu yangu mpya, nikaenda uani. Luka akasogea kidogo kunipa nafasi, akanitilia kumbi la nazi mkononi.

Nikamsikia Mzee Idarusi nyuma yangu akiuliza, "Na fundi naye?"

"Huyo," akasema Mwanamkasi, "kachelewa tu."